Usiku wa Ijumaa ulivyoniumbua mwalimu wa mtandaoni!

 

Leo sina umbea wa mtu. Umbea wa leo ni wangu mwenyewe, na mwenye makosa ni mimi.

Kama hamjui, mwenzenu ni mwalimu. Lakini si mwalimu wa chaki na fimbo. Nafundisha jioni kwa mtandao, somo la kutunza vitabu vya hesabu, na wanafunzi wangu ni vijana wenye biashara zao ndogo ndogo. Kazi hii niliiangukia Machi 2020, pale serikali ilipofunga shule na vyuo kwa ajili ya korona. Juni 1 mwaka huohuo vyuo vikafunguliwa, wenzangu wakarudi ubaoni, mimi nikabaki hukohuko hewani. Nikajiambia huu mteremko! Shati na tai juu, bukta chini, nani atajua?

Thubutu! Darasani ukiingia wanafunzi 32 unawaona nyuso zao. Aliyeelewa unamjua, anayesinzia unamjua. Kwenye Zoom unaona vijisanduku vyeusi 32 vyenye majina. Unaongea peke yako kama mtu anayewanga. Unauliza, "Tumeelewana?" Kimya. Mara mmoja anasahau kuzima kipaza sauti, darasa zima tunasikia konda anaita "Mbagala, Mbagala!" na jogoo wa mwingine anajibu. Ukisema sasa nimewapata, dakika 40 za bure zimekwisha, mtambo unawatoa wote nje. Mkirudi, nusu hawapo. Bando limekata.

Lakini hayo ni cha mtoto. Kasheshe lenyewe liko kwenye simu. Mwalimu wa shule akitoka getini kazi imekwisha. Mimi getini kwangu ni WhatsApp, na halifungwi. Saa 7 usiku mtu anauliza mtaji uandikwe upande gani. Saa 11 alfajiri mwingine ananitumia "Ticha umeamka?" halafu haendelei! Kwenye grupu la darasa huyu anauliza swali, yule anauza viatu, wa tatu anatuma sala ya kusambaza kwa watu kumi. Nikawa nafungua ninazoziona juu tu. Za chini nikaziacha zioze.

Hapo ndipo nilipoumbuka.

Nilikuwa na mwanafunzi mmoja kutoka Unguja, muuza madera pale Darajani. Jina kapuni, tumwite Dada Mpole. Hana maneno mengi, lakini kazi zake safi, tarakimu zimepangwa kama shanga. Nikatoa mtihani wa maswali sita. Nikaandika kwenye grupu: "Kazi zote zikusanywe usiku wa Ijumaa, saa 4." Fomu nikaipanga ipokee jibu mara moja tu, nikazima simu, nikalala zangu.

Majibu yakaja. Dada Mpole kaleta maswali matatu, yote kapata. Matatu mengine kaacha wazi. Alama 50, na cheti kinataka 60. Mwenzenu nikapandisha. Badala ya kumwuliza pembeni, nikamtaja palepale mbele ya kadamnasi: "Dada, unaleta kazi nusu nusu, hapa tunafanya mchezo? Hesabu haitaki uvivu!" Watu wakacheka kwa vile vikatuni vya kutoa machozi. Mimi nikajiona mwalimu mkali, bomba kabisa.

Baada ya dakika kumi mtambo ukaandika kwamba ametoka kwenye grupu.

Nikasema aende, wanafunzi wa kudeka siwataki. Siku kumi na moja baadaye nikawa nafuta meseji za zamani ili simu ipate nafasi. Nikaikuta yake, haijafunguliwa, ya Jumatano ya wiki ile ya mtihani: "Assalam alaykum mwalimu. Samahani kukusumbua. Usiku wa Ijumaa ndio huu wa kesho?"

Nikaisoma mara tatu. Kesho? Kesho yake si ilikuwa Alhamisi?

Nikampigia. Hakupokea. Nikapiga tena jioni, akapokea kwa adabu zake zote. Nikamwuliza, dada, ilikuwaje? Akanijibu taratibu, "Mwalimu, kwetu usiku ndio unaotangulia mchana. Usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa. Mwezi wa Ramadhani ukiandama jioni, tarawehe si tunasali usiku uleule, na kufunga ni kesho yake? Mie nilifunga duka saa 2, nikakaa na karatasi. Ilipokaribia saa 4 nikaona bora nipeleke hayo matatu kuliko kukosa yote."

Kha! Nikaishiwa maneno. Mie wa bara, usiku wa Ijumaa kwangu ni baada ya mchana wa Ijumaa, ule wa kujirusha. Yeye kwake, jua likizama Alhamisi, Ijumaa imeshaingia. Maneno ni yaleyale, Kiswahili ni kilekile, katikati saa 24 nzima! Na hakukosea. Aliuliza. Aliyekuwa kaziba masikio ni mimi.

Lililonimaliza ni jingine. Cheti kile alikitaka kwa sababu. Kikundi chao cha kukopeshana kilikuwa kinatafuta mweka hazina, naye jina lake lilikuwa limetajwa. Mwenzake mmoja wa kikundi alikuwa darasani kwangu, akaliona lile karipio, akalibeba hadi kwenye kikao. "Hata mwalimu wake kasema hesabu hawezi." Wakamchagua mtu mwingine.

Wapenzi, nililala na jambo hilo kama mfupa wa samaki kooni. Asubuhi nikaandika kwenye grupu lilelile, mbele ya watu walewale, kwamba kosa lilikuwa langu, dada yule aliuliza mapema sikumjibu, na nilimvunjia heshima bure. Halafu nikamwomba arudi afanye maswali matatu yaliyobaki. Akarudi. Jumla akapata 94, na cheti chake nikakituma. Lakini kiti cha mweka hazina kilishapata mtu. Na mpaka kozi inaisha, Dada Mpole hakuwasha tena kipaza sauti chake. Kila nikiona kile kijisanduku cheusi chenye jina lake, najua ni kazi ya mkono wangu.

Basi kuanzia hapo nimejiwekea sheria, na wewe unayefundisha, unayeuza au unayeongoza watu kwa simu, chukua ikufae.

Kwanza, siku na saa naziandika zisigombaniwe: "Alhamisi tarehe 14, saa 4 usiku, saa za Dar, yaani 22:00." Hilo la saa za Dar lina maana, maana ninaye mmoja Muscat, kwao saa iko moja mbele, na mwingine Lubumbashi, iko moja nyuma.

Pili, matangazo nimeyatenga. Grupu la matangazo naandika mimi tu, la maswali wanaandika wote. Sala na viatu vikatafute soko kwingine.

Tatu, nina saa yangu ya kujibu, saa 1 hadi saa 2 usiku, na wote wanaijua. Ikifika naanza na meseji ya chini kabisa, ile ya zamani, napanda juu. Saa 7 za usiku sipo, lakini meseji haiozi.

Nne, siulizi tena "Tumeelewana?" maana jibu lake ni kimya siku zote. Namwambia mtu anieleze kwa maneno yake, au anitumie picha ya daftari. Wa bando dogo nawatumia sauti fupi, na kamera simlazimishi mtu.

Tano, na hii niandikieni ukutani: sifa natoa mbele ya watu, karipio natoa pembeni, na kabla ya karipio nauliza kwanza, "Ilikuwaje?" Neno hilo moja lingeniokoa.

Na wewe mwanafunzi, mwalimu asipojibu, uliza tena. Kuuliza mara ya pili si utovu wa adabu. Huenda yuko kama nilivyokuwa mie, kazibwa na utitiri wa meseji.

Haya, nawaacha. Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa, siku ileile ya gazeti, asubuhi, jua likiwa limeshatoka, ili tusije tukapotezana tena!