Maoni Yetu: Nani atakamilisha upelelezi?

"Upelelezi haujakamilika." Kila aliyewahi kukaa kwenye benchi la mahakama anaijua kauli hiyo. Mwendesha mashtaka anaitamka, hakimu anaahirisha kesi, mshtakiwa anarudishwa mahabusu, na mama aliyetoka Marui kwa nauli ya kukopa anaambiwa aje tena baada ya wiki 2.

Upelelezi hukwama kwa kukosa watu waliousomea, na chanzo kimoja kiko nyumbani, siku ya kuchagua kozi. Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, wazazi wa Marui na kata nyingine za Kisarawe, pamoja na wenzao wa Kibaha, hukaa na watoto wao kuchagua kozi. Aliyesoma mchepuo wa HGL au HKL huambiwa akasome sheria. Akikubali, nyumba nzima inasikia neno moja tu: wakili. Mawakili tunawaheshimu, na mwananchi maskini anawahitaji. Lakini haki jinai ni pana kuliko joho la wakili, na pengo linalotuumiza zaidi huku kwetu liko mbali na joho hilo.

Tuchukue kesi ya kawaida kabisa. Kijana wa miaka 17 anakamatwa alfajiri na pikipiki iliyobeba magunia 3 ya mkaa, akitoka upande wa Msitu wa Ruvu Kusini kwenda Dar es Salaam. Kibali hana. Mgambo wanamshika, wanampeleka kwa mtendaji wa kijiji, mtendaji anamkabidhi polisi. Kuanzia hapo saa inahesabu. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inampa mpelelezi saa 4 za kumhoji aliye chini ya ulinzi, na akitaka zaidi lazima muda uongezwe kwa utaratibu uliowekwa. Maelezo ya onyo yaliyoandikwa nje ya muda huo yanaweza kukataliwa mahakamani, hata kama kila neno lililomo ni la kweli. Magunia nayo ni kielelezo. Aliyeyakamata, aliyeyapokea na aliyeyatunza wote wanatakiwa kujulikana kwa maandishi, la sivyo upande wa utetezi utauliza, na utakuwa na haki ya kuuliza, kama mkaa ulioletwa mbele ya hakimu ndio ule wa alfajiri.

Halafu kuna umri. Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, mwenye miaka 17 ni mtoto. Anapohojiwa anatakiwa awe na mzazi, mlezi au afisa ustawi wa jamii. Mahakama inahitaji taarifa ya uchunguzi wa kijamii: anaishi na nani, aliacha shule lini, nani alimtuma kubeba mkaa ule. Na kifungo cha gerezani hahukumiwi. Sasa kama pale kituoni hakuna aliyeuliza cheti cha kuzaliwa, akaandikwa miaka 19 kwa kutazamwa kimo, kesi imepinda kabla haijafika kwa hakimu.

Hesabu mikono iliyomgusa mtoto huyo. Mgambo, mtendaji, polisi wa kata, mpelelezi, mtunza vielelezo, afisa ustawi wa jamii, mwendesha mashtaka, hakimu. Wakili, akipatikana, anaingia mwishoni, na mara nyingi kazi yake ni kuonyesha mahali wenzake walipokosea. Kesi hufa mikononi mwa watu wa mwanzo. Hao ndio tunaotaka wasomeshwe vizuri, na hao ndio tunaotaka vijana wetu waone fahari kuwa miongoni mwao.

Njia ya uwakili yenyewe imebana. Mwaka 2022 Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, anakopitia mhitimu wa sheria anayetaka kuwa wakili, ilitoa matokeo yaliyotikisa nchi: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Wengine 342 walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani, na 265 wakaondolewa. Waziri wa Katiba na Sheria wakati huo, Dk. Damas Ndumbaro, aliunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza. Kila upande ulikuwa na wa kumlaumu: vyuo vikuu, walimu, wanafunzi, taasisi yenyewe. Sisi tuliwafikiria wazazi. Mtu aliyeuza korosho za misimu kadhaa, au ekari ya urithi, ili mwanawe awe wakili, anamweleza nini akirudi nyumbani na shahada asiyojua imfungulie mlango gani? Kosa lilianza siku alipoambiwa mlango ni mmoja.

Milango ipo. Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, iliyowekwa kisheria mwaka 2008, inahitaji mawakili wa serikali wilayani. TAKUKURU inahitaji wachunguzi wanaoweza kusoma hesabu za mradi wa maji na kuona palipochotwa. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ndiyo inayopima vinasaba na sumu, kwa hiyo binti wa kemia na baiolojia naye ana nafasi katika haki jinai, jambo ambalo walimu wetu wa sekondari hawalisemi vya kutosha. Anayetaka kuanza na astashahada au stashahada ya sheria ana Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto. Mwenye moyo wa kukaa na watoto na familia ana Taasisi ya Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama. Na asiyeweza kuacha kazi, awe askari au mtendaji, anaweza kusoma sheria kupitia Chuo Kikuu Huria.

Kazi tunayotamani kuiona ikipewa heshima kuliko zote ni ya afisa probesheni. Wengi hawajui hata kama ipo. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002 inaruhusu mtu anayestahili kifungo kisichozidi miaka 3 atumikie adhabu yake nje ya gereza kwa kufanya kazi za umma bila malipo. Lakini hakimu haamui gizani. Anahitaji afisa aliyefika nyumbani kwa mshtakiwa, akaongea na mkewe, mjumbe na majirani, akaandika taarifa ya kuaminika, kisha akabaki kumsimamia mpaka mwisho. Mbeba mkaa mtu mzima, mwenye watoto 4, angeweza kupanda miti katika msitu uleule alioukata. Pasipo afisa wa kuandika taarifa hiyo, njia rahisi ni jela, na familia inabaki ikilishwa na ndugu.

Kuhusu ajira, hatutaki kumdanganya mtu. Nafasi zinazotangazwa na Sekretarieti ya Ajira ni chache na waombaji ni wengi. Lakini uchache wa nafasi haumaanishi uchache wa kazi. Januari 2023 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Tume ya kuangalia namna ya kuboresha taasisi za haki jinai, ikiongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, na Julai mwaka huohuo Tume ikamkabidhi ripoti. Miongoni mwa mapendekezo yake ni kuwa na chombo cha taifa cha upelelezi kinachojitegemea. Chombo cha namna hiyo kinajengwa na watu waliosomea upelelezi, na watu hao hawaoti kama uyoga baada ya mvua. Jirani zetu wa Kenya wana taasisi nzima ya masomo ya uhalifu, sayansi ya uchunguzi na usalama katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, Nyeri. Vyuo vyetu navyo viache kuifanya haki jinai kuwa masomo mawili matatu ndani ya shahada ya sheria. Viifundishe kama fani yenye upelelezi, saikolojia, takwimu, ustawi na urekebishaji, na serikali ifungue nafasi zinazolingana.

Liko na suala la lugha, ambalo tunaliona zito. Mahakama za mwanzo zimeendeshwa kwa Kiswahili miaka yote, na mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama kwa ujumla. Chuoni sheria bado inafundishwa kwa Kiingereza. Mpelelezi msomi anajifunza kuhoji kwa lugha ambayo hatahojia mtu yeyote Marui. Bibi wa Kizaramo akisema mjukuu wake "alizaliwa mwaka wa njaa", huo ni ushahidi wa umri, na anayeuandika lazima ajue kuuliza ni njaa ipi, nani mwingine alizaliwa mwaka ule, kadi ya kliniki ilipotelea wapi. Ufundi huo haumo katika kitabu cha Kiingereza. Ufundishwe kwa Kiswahili, ukianza na mahojiano na uandishi wa maelezo.

Tunaomba pia jambo moja lisilohitaji Bunge wala bajeti kubwa. Kila mwaka wanafunzi wa vyuo hutafuta mahali pa kufanyia mafunzo kwa vitendo, na wa sheria hukimbilia ofisi za Posta na Kivukoni, Dar es Salaam, ambako wengine huishia kutoa nakala za nyaraka. Halmashauri za Kisarawe na Kibaha ziviandikie vyuo kuomba wanafunzi hao waje huku: mmoja mahakama ya mwanzo, mmoja kituo cha polisi, mmoja ofisi ya ustawi wa jamii, mmoja kwa mtendaji wa kijiji. Mtendaji ana daftari. Humo kuna ng'ombe walioingia kwenye mihogo, mipaka ya mashamba iliyosogezwa usiku, wanawake waliopigwa wakaombwa wayamalize kifamilia, pikipiki za mkaa. Mwanafunzi akae na daftari hilo wiki 8, afuatilie kila shauri liliishia wapi na lilikwama kwa nani, aandike kwa Kiswahili, na nakala moja aiache kijijini.