Kashata nzuri, tairi bovu



Ndugu wasomaji, kila mwaka ziwa letu la Mweru hufungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari. Miezi hiyo magari mengi ya samaki hapa Nchelenge na Kashikishi husimama juani. Ikifika Machi kila mwenye gari anatafuta matairi kwa haraka, na hapo ndipo wauzaji wa kando ya barabara wanapovuna. Matairi ya mtumba yamepangwa chini ya mwembe, yamepakwa rangi nyeusi hadi yanang'aa. Leseni ya halmashauri haionekani ukutani, maana hata ukuta wenyewe hakuna.

Magari hayo hayo ndiyo yanayowarudisha wanafunzi wetu shuleni Mansa, safari ya zaidi ya kilomita 200. Kwa hiyo jambo hili si la madereva peke yao.

Wengi wetu tukikagua tairi tunatazama kashata tu. Tukiona bado ni ndefu, tunalipa. Lakini sikilizeni yaliyotokea Uingereza tarehe 10 Septemba 2012. Basi lililokuwa likiwarudisha vijana kutoka tamasha la muziki lilipasuka tairi la mbele karibu na Hindhead, na watu 3 wakafa. Tairi lile lilikuwa na kashata ya kutosha. Ila lilikuwa na umri wa miaka 19! Mama mmoja aliyefiwa na mwanawe alipigania jambo hilo kwa miaka, hadi serikali ikapiga marufuku, kuanzia tarehe 1 Februari 2021, matairi ya zaidi ya miaka 10 kwenye magurudumu ya mbele ya mabasi na malori.

Mpira huzeeka kwa jua, joto na hewa, hata gari likiwa limesimama.

Umri unasomeka ubavuni. Tafuta herufi DOT, kisha tarakimu nne za mwisho. Ukikuta 2314, limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014. Mara nyingi tarehe hiyo huwa upande mmoja tu, kwa hiyo mwambie muuzaji aligeuze. Ikiwa imekwanguliwa, liache. Pinda mpira kwa mikono uone kama una nyufa. Pitisha kiganja ndani utafute kiraka au uvimbe. Ndani ya mifereji ya kashata mna vijivimbe vidogo vyenye kimo cha milimita 1.6, kashata ikilingana navyo, tairi limekwisha. Lakini mjanja huweza kuchonga mifereji upya kwa kisu cha moto, na hapo unabaki na mpira mwembamba juu ya nyuzi. Tazama pia namba ya uzito: 91 maana yake tairi moja hubeba kilo 615, si zaidi. Wabeba dagaa, mnanisikia?

Mtume (s.a.w.) alipita sokoni akaingiza mkono katika rundo la nafaka, akakuta chini kumelowa. Akamkemea muuzaji kwa kutoiweka ile iliyolowa juu watu waione. Sasa rangi nyeusi juu ya ufa ina tofauti gani na nafaka ile?

Najua mtajibu: Ustadhi, wa dukani ni ghali, na huyu wa mwembeni naye ana watoto. Ni kweli, na simwiti mwizi kila asiye na leseni. Lakini tairi likipasuka wiki ijayo utampata wapi? Mwenye duka ana jina na risiti. Sheria ya Zambia ya mwaka 2010 ya ushindani na ulinzi wa mlaji inampa mnunuzi haki ya kurudisha bidhaa yenye kasoro, na inakataza hata lile bango la kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Haki hiyo utaidai kwa nani ikiwa aliyekuuzia kesho yuko Chiengi, kesho kutwa amevuka kwenda Kongo?

Wazazi, kabla mtoto hajapanda gari wiki ya kufungua shule, zunguka gurudumu moja moja usome zile tarakimu nne. Dereva akikasirika, mshushe mtoto utafute gari jingine.