Besi ndani ya simu
Mafuriko ya mto Mulongwe ya Aprili 2020 yalibeba nyumba nzima nzima hapa mjini Uvira, sembuse kitabu cha Nyimbo za Wokovu. Kwa hiyo nawaunga mkono wanakwaya wanaopakua mtandaoni nyimbo na faili za muziki za kila sauti, kisha kurushiana kwa Bluetooth kuokoa megabaiti. Mwimbaji wa besi anasikiliza sauti yake peke yake, anairudia hadi imkae. Ila muziki wa faili hizo hupiga sawasawa kama saa ya ukutani, na ngoma zetu haziendi hivyo! Tena zilizojaa mtandaoni ni tuni za Ulaya. Nyimbo nyingi zilizotungwa hapa kwetu Kalundu, Kavimvira na Makobola zimo vichwani mwa waimbaji tu. Simu hizohizo zinarekodi. Tuziingize humo sauti zote nne za kila wimbo, moja moja, kabla wazee hawajachoka.