Tusilee Kizazi cha Watazamaji

Wapo waungwana wanaodhani kwamba mazungumzo juu ya runinga, mapishi na kandanda ni porojo za kupitishia wakati, zisizostahili kuandikwa gazetini wala kutajwa mbele ya wanafunzi. Mimi sikubaliani nao. Mtoto wa shule huyazungumzia mambo hayo matatu kuliko mengine yote, na mtu hufinyangwa na yale ayazungumzayo kila siku. Kwa sababu hiyo, leo nimeazimia kutoa maoni yangu juu yake jinsi ninavyoyaona huku kwetu, katika kaunti za Migori na Homa Bay. Walimu wenzangu na wanafunzi wawe waamuzi.

Nianze na runinga. Siipigi vita. Wazee wetu wanakumbuka enzi ambapo kijiji kizima kilikuwa na runinga moja, iliyowashwa kwa betri ya gari, na stesheni moja tu, ile ya serikali. KTN ilipoanza mwaka wa 1990, wengi wetu vijijini tuliisikia kwa jina tu. Leo, tangu nchi ihamie matangazo ya dijitali mwaka wa 2015, stesheni ni tele, na simu ya mkononi nayo imekuwa runinga ya mfukoni. Mwanafunzi wa Nyatike au Mbita anaweza kuona bunge likijadiliana na volkano ikilipuka bila kuondoka kwao. Hiyo ni heri, na mwalimu anayeipuuza anajinyima chombo.

Lawama yangu ni nyingine. Runinga imetuzoesha kuamini kwamba lisiloonyeshwa halipo, na kwamba kazi ya mtu wa kawaida ni kuketi na kutazama wengine wakitenda.

Chukua mfano wa kandanda. Jumamosi jioni, kuanzia Oyugis hadi Isebania, kumbi za video hufurika. Mtu hutoa ada kidogo, akaketi kwenye benchi na kuishangilia Arsenal, Chelsea au Manchester United. Kijana wa kidato cha pili anawajua hata wachezaji wa akiba na bei waliyonunuliwa. Kupenda mchezo mzuri si kosa. Lakini hebu muulize kijana huyo huyo ni timu ipi ya kaunti ya Migori iliyowahi kutwaa ubingwa wa Kenya. Aghalabu atakuna kichwa.

Ni Sony Sugar ya Awendo. Timu hiyo ya kiwanda cha sukari, katikati ya mashamba ya miwa, ilishinda ligi kuu ya taifa mwaka wa 2006 ikiziacha nyuma klabu za jijini zenye majina makubwa. Miaka 13 baadaye, mwaka wa 2019, Sony hiyo hiyo ilifukuzwa ligini baada ya kushindwa kufika uwanjani kwa mechi tatu. Timu haikushindwa kwa mabao. Ilishindwa kwa mfuko mtupu.

Katika kisa hicho runinga ina sehemu yake. Kwa miaka kadhaa ligi yetu iliegemea fedha za SuperSport, kituo cha kulipia kutoka Afrika Kusini. Mwaka wa 2017, kufuatia mvutano juu ya kuongezwa kwa idadi ya timu ligini, kituo hicho kikajiondoa. Mwaka wa 2019 mdhamini mwingine, kampuni ya kamari, naye akafunga mkoba. Klabu zikabaki kama mtoto aliyeachishwa ziwa kabla hajajifunza kula. Sidai kwamba ada zetu za kumbi za video zingeiokoa Sony. Nasema tu kwamba kilichojengwa juu ya swichi ya mwingine huzimika mwenyewe akiizima. Mcheza kwao hutunzwa, walisema wahenga. Sisi tumewatunza wanaocheza kwao, ng'ambo, tukawaacha wetu wakitafuta nauli.

Nitaambiwa kwamba mpira wa nyumbani hauna mvuto. Jibu lilitolewa mwezi wa Agosti mwaka wa 2025, wakati Kenya, Tanzania na Uganda zilipoandaa kwa pamoja mashindano ya CHAN, ambayo huchezwa na wanasoka wa ligi za nyumbani pekee. Harambee Stars iliilaza Morocco 1-0 kule Kasarani, na Morocco hao ndio waliotwaa kombe hatimaye. Vijana wetu walifika robo fainali, wakatolewa na Madagascar kwa mikwaju ya penalti. Wiki hizo nchi nzima ilizungumza juu ya wachezaji ambao mwezi mmoja kabla yake ni wachache waliowajua kwa majina. Vipaji vilikuwapo siku zote. Kilichokosekana ni macho.

Isitoshe, sisi tuna urithi wa kujivunia. Klabu ya Gor Mahia, iliyoundwa mwaka wa 1968, imebeba jina la mganga mashuhuri wa Kanyamwa, katika Ndhiwa ya leo, kaunti ya Homa Bay. Mwaka wa 1987 klabu hiyo ilitoka sare ya 2-2 na Espérance kule Tunis, ikatoka tena sare ya 1-1 jijini Nairobi, na kwa mabao ya ugenini ikanyakua Kombe la Washindi barani Afrika. Wengi waliofuata kandanda katika miaka hiyo waliifuata kwa redio. Watangazaji mfano wa marehemu Leonard Mambo Mbotela, aliyetuaga mwezi wa Februari mwaka wa 2025, waliuchora uwanja kwa maneno, na msikilizaji akalazimika kuumaliza mchoro kichwani mwake. Hapo msikilizaji naye alikuwa na kazi. Kesho yake watoto waliotoka shule walicheza kwa mpira wa makaratasi huku mmoja wao akitangaza, na Kiswahili chao kikinolewa bila kiboko.

Sasa tuingie jikoni, maana huko nako utazamaji umebisha hodi. Vipindi vya mapishi vinatuonyesha jibini, krimu na oveni ambazo familia nyingi za Rongo au Kendu Bay hazina. Mwanafunzi huyameza kwa macho, kisha humaliza kidato cha nne asiweze kuandaa omena, yule samaki mdogo ambaye kwingineko huitwa dagaa, na ambaye ziwa la kwao limemjalia.

Omena si chakula cha kudharauliwa. Huvuliwa usiku kwa mwanga wa taa, huanikwa juani kwenye nyavu, na kila mwaka uvuvi wake husimamishwa kuanzia Aprili hadi Julai ili azaane. Huliwa mzima, mifupa kwa nyama, ndiyo maana mlaji hupata madini ya kalsiamu asiyoyapata katika mnofu mtupu. Hata hivyo sehemu kubwa ya omena wetu hupelekwa viwandani kusagwa kuwa chakula cha mifugo. Tunawalisha kuku kile ambacho mtoto wa shule angekula, kisha tunamnunulia mtoto huyo chipsi.

Upishi wake ni elimu kamili. Mchambue, mwoshe kwa maji vuguvugu mara mbili au tatu hadi mchanga uishe, mkaange akauke vyema, ndipo utie mafuta, kitunguu na nyanya. Ukiruka hatua moja, ulimi utakusuta. Hali kadhalika mboga zetu za kienyeji. Mgagani ni mchungu, na mpishi hodari hupunguza uchungu huo kwa maziwa na subira, akaibandika tena mekoni siku ya pili. Mnavu na mrenda nao wana kanuni zao. Maarifa haya hayajaandikwa kwingi. Yamo mikononi mwa mama na nyanya zetu, na wakiondoka bila kuulizwa, wataondoka nayo.

Shule ilikuwa na nafasi yake. Katika mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka wa 1985, wavulana kwa wasichana wa shule za msingi walijifunza sayansi kimu. Mitihani ilipopunguzwa, somo likapotea, na ujumbe ukawa wazi kwamba kupika si elimu. Mtaala wa umilisi umelirejesha kwa namna yake, na sasa limeunganishwa na kilimo. Nawasikia wazazi wakilalamika wanapoombwa fungu la mboga na sufuria kwa ajili ya somo. Malalamiko juu ya gharama tuyasikilize, kwani si kila nyumba ina cha kutoa, na shule yenye shamba dogo la mboga inaweza kuwapunguzia mzigo. Lakini wanaosema kwamba mvulana hana haja ya somo hilo, hao siwezi kuwaunga mkono. Njaa haibagui.

Tarehe 1 Juni mwaka wa 2025, sherehe za kitaifa za Madaraka zilifanyika Homa Bay, katika uwanja mpya uliopewa jina la Raila Odinga, na mada ya siku ilikuwa uchumi wa buluu, yaani mali ya ziwa na bahari. Siku hiyo runinga ilitugeukia, na nchi nzima ikatutazama. Basi uwanja tunao, na samaki tunao. Linalobaki si la serikali pekee. Uwanja usio na timu ya vijana huwa jamvi la wageni, na ziwa lisilowalisha watoto wa ufuoni huwa pambo la picha.

Ninapendekeza mambo matatu mepesi. Kwanza, mwalimu wa Kiswahili aonyeshe kipande cha mechi huku sauti imezimwa, na wanafunzi watangaze kwa zamu. Watatafuta maneno wenyewe. Pili, insha ya muhula huu iwe maelezo ya chakula kimoja cha nyumbani, na sharti mwandishi awe amekipika kwa mikono yake. Tatu, kila shule iwe na siku ya kwenda kuishangilia timu ya karibu, hata kama ni ya daraja la chini na uwanja wake una vumbi.

Ndugu mwanafunzi, maoni yako juu ya runinga, chakula na mpira ni haki yako. Lakini maoni ya aliyewahi kuungua kidole mekoni na kuchubuka goti uwanjani yana uzito ambao ya mtazamaji hayatakuwa nao kamwe. Tazama, ndiyo. Kisha inuka.