Tuwasome Waandishi wa Ulaya kwa Akili na Lugha Yetu

Liko swali ambalo wazazi wengi wa hapa Kithyoko, na wa vijiji vingine vya Masinga, huliuliza kwa uchungu kila mtoto wao apatapo nafasi ya kwenda chuo kikuu kusomea fasihi badala ya uuguzi au uhandisi: mtoto aliyelipiwa karo kwa fedha za ndengu na mbuzi, akachangiwa na jamaa na majirani, ana faida gani ya kukaa miaka minne akisoma habari za wafalme wa Denmark na wake wa mabwana wa Norwei? Swali hili ni la haki, wala halistahili kujibiwa kwa dharau, maadamu anayeuliza ndiye anayelipa. Lakini jawabu lake aghalabu hutolewa na makundi mawili ambayo yote, kwa maoni yangu, yamepotoka. Kundi moja husema kwamba vitabu hivyo ni masalio ya ukoloni, na heri vitupwe. La pili husema kwamba hivyo ndivyo kipimo cha ustaarabu, na asiyevijua hajaelimika. Mimi nashikilia kwamba vitabu vya Magharibi visomwe katika vyuo vyetu, tena kwa bidii kuliko sasa, bali kwa masharti mawili: mwanafunzi avisome akiwa na maarifa ya kwao mkononi, na matunda ya kusoma kwake yawarudie watu katika lugha wanayoifahamu.

Hoja hii ina historia yake hapa Kenya. Tarehe 24 Oktoba 1968, walimu watatu wa chuo kikuu cha Nairobi, ambacho wakati huo kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, yaani Henry Owuor-Anyumba, Taban lo Liyong na James Ngugi, ambaye baadaye dunia ilimjua kwa jina la Ngũgĩ wa Thiong'o, waliandika waraka wa kutaka Idara ya Kiingereza ifutwe, na mahali pake iundwe idara ambayo Afrika itakuwa kitovu chake. Waraka huo umesifiwa sana na kulaumiwa sana na watu ambao, nadhani, wengi wao hawakuusoma. Kwani mwenye kuusoma kwa makini ataona kwamba waandishi wake hawakuitoa fasihi ya Ulaya mlangoni. Waliitengea nafasi yake pamoja na fasihi simulizi, fasihi ya Kiafrika ya kisasa, na fasihi ya Kiswahili ikiandamana na ile ya Kiarabu na ya Asia, kwa sababu ya mafungamano ya kale ya pwani yetu na nchi hizo. Walilolikataa ni kwamba Mwingereza awe ndiye shina, na sisi wengine tuwe matawi yake.

Haikupita miaka mingi idara ikabadilika kweli, na hadithi za mabibi zetu zikapata heshima ya kufundishwa chuoni. Na mwaka 1974 ukafanyika mkutano mkubwa Nairobi wa kuyapeleka mabadiliko hayo katika shule za sekondari. Ule ulikuwa ushindi mkubwa, nami nawapa waliouleta shukrani zisizo na kikomo. Hata hivyo nusu ya kazi ilibaki, na nitaeleza ni nusu ipi baada ya kuonyesha kwa mifano miwili jinsi kitabu cha mbali kinavyoweza kusomwa kutoka hapa tulipo.

Watoto wetu wa sekondari waliwahi kutahiniwa katika tamthilia ya Bertolt Brecht, Mjerumani, ihusuyo duara lililochorwa kwa chaki, ambamo kijakazi Grusha na mke wa liwali wanamgombania mtoto, na hakimu akamhukumia yule aliyekataa kumvuta mtoto asije akamuumiza. Msomaji yeyote wa Biblia, au aliyesikia masimulizi ya Kiislamu juu ya Nabii Suleiman, huijua asili ya hukumu ile. Na Brecht mwenyewe aliichukua hadithi hiyo kutoka katika tamthilia ya kale ya Uchina. Basi hapo mwanafunzi hujifunza jambo la kwanza, kwamba hiyo iitwayo fasihi ya Magharibi haikuota peke yake, bali imekopa kutoka mashariki na kusini kama vile wafanyabiashara walivyokopa bidhaa. Na aliyekopa hana haki ya kumwita mwenzake maskini.

Lakini liko jambo la pili, nalo ni zito zaidi. Tamthilia ile huanza kwa kisa cha bonde linalogombaniwa na pande mbili: wafugaji wa mbuzi, ambao bonde lilikuwa lao kabla vita havijawaondoa, na wakulima wa matunda, ambao wameandaa mpango wa bwawa na umwagiliaji. Bonde wanapewa wakulima, kwa hoja kwamba kitu ni cha yule atakayekitumia vyema, na katika kitabu hukumu hiyo inasifiwa kuwa ya busara. Msomaji wa Berlin huenda akakubali upesi. Lakini mwana wa Masinga hawezi kupita hapo bila kusita. Ameona malisho yakigombaniwa kila ukame unaposhika. Analijua bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka 1981, ambalo umeme wake husafiri mbali ilhali wako waishio jirani nalo ambao hata leo hubebesha punda mitungi ya maji. Na wazee wake wamemsimulia habari za mwaka 1938, serikali ya kikoloni ilipowanyang'anya Wakamba ng'ombe wao kwa hoja kwamba hawajui kuitunza ardhi, ng'ombe hao wakauzwa ili kiwanda cha nyama cha Athi River kipate cha kuchinja, hata Muindi Mbingu akawaongoza maelfu ya watu kwa miguu hadi Nairobi kudai haki, kisha yeye mwenyewe akahamishiwa Lamu. Hoja iliyotumika kutunyang'anya ilikuwa ndugu wa ile iliyotumika kutoa bonde katika kitabu cha Brecht: mali ni ya anayejua kuitumia. Ni nani, basi, anayeamua nani ajua kuitumia? Mwanafunzi anayemwuliza Brecht swali hili hajamdharau. Amemsoma kama msomi, na amekiongezea kitabu chake maana ambayo mwandishi hakuiona.

Mfano wa pili ni wa Henrik Ibsen, ambaye tamthilia yake ya mwaka 1879 juu ya Nora, mke aliyekopa fedha kwa siri ili amponye mumewe, akaiga saini ya baba yake kwa kuwa sheria haikumruhusu mke kukopa bila idhini ya mume, nayo pia imetahiniwa katika shule zetu. Mara nyingi nimewasikia vijana wakifundishwa mwisho wa kitabu hicho, pale Nora anapoiacha nyumba na watoto na kufunga mlango nyuma yake, kama kwamba ni fatwa: ama wamsifu, ama wamlaani. Lakini mwanamke wa Ukambani aliyekulia katika mwethya, yaani kile kikundi cha majirani waliochimba pamoja matuta ya kuzuia mmomonyoko ambayo yameipatia Machakos sifa duniani, na ambacho kina mama wake leo huweka akiba na kukopeshana, angeuliza swali jingine kabisa: wako wapi wenzake Nora? Inakuwaje mwanamke apatwe na dhiki kubwa namna hii naye hana kikundi cha kumwamini, ila rafiki mmoja aliyefika juzi na mdai aliye tayari kumwangamiza? Ukiuliza hivyo, utaona kwamba Ibsen hakuandika juu ya ndoa peke yake, bali pia juu ya upweke wa nyumba za matajiri wa mjini. Na kwa kuwa nyumba za namna hiyo sasa ziko tele Nairobi na hata Machakos mjini, onyo lake linatuhusu kuliko tunavyodhani.

Hii ndiyo faida ninayomjibu nayo mzazi. Kijana anayejua kusoma namna hii hatadanganywa upesi na maneno ya fahari, yawe ya mwanasiasa jukwaani au ya mwekezaji aliyekuja na ramani ya shamba la watu, kwani amezoea kuitafuta dhamira iliyofichwa ndani ya kauli tamu. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Nasi tunapona kwa vitabu vya wageni iwapo tu tunavikaribisha tukiwa wenyeji wenye nyumba, tunaojua kilichomo chumbani mwetu.

Wala tusidhani kwamba waandishi wetu wakubwa walidhoofika kwa kuwasoma wageni. Shaaban Robert, ambaye hakupata kukanyaga chuo kikuu, aliyachukua mashairi ya Omar Khayyam wa Uajemi kwa kupitia Kiingereza cha Edward FitzGerald, akatuachia kwa Kiswahili kitabu kilichotoka mwaka 1952. Mwalimu Julius Nyerere, aliyesoma Edinburgh, alitafsiri tamthilia ya Shakespeare juu ya Kaizari na kuitoa mwaka 1963, katikati ya shughuli za kuongoza nchi changa, kisha hakuridhika, akairekebisha na kuitoa upya mwaka 1969, mwaka ambao pia alitoa *Mabepari wa Venisi*. Ebrahim Hussein, aliyeisoma kwa kina sanaa ya maigizo ya Ulaya, aliandika *Kinjeketile* juu ya vita vya Maji Maji. Na Euphrase Kezilahabi aliwasoma wanafalsafa wa Ulaya akaandika *Kichwamaji* na *Nagona*, vitabu ambavyo hakuna Mzungu angeweza kuviandika. Hao wote walikopa, na wote walilipa kwa Kiswahili, tena kwa riba.

Sasa nirudi kwenye ile nusu iliyobaki. Katika vyuo vyetu vingi, fasihi ifundishwayo kwa Kiingereza ina idara yake na walimu wake, na fasihi ya Kiswahili imewekwa pengine, pamoja na isimu na lugha. Na mwanafunzi wa huku hana sharti la kuingia kule. Matokeo yake ni kwamba tunao wahitimu wanaoweza kuchambua tamthilia ya Brecht kwa kurasa ishirini ilhali hawajafungua *Kinjeketile*, na tunao wengine waliokariri nadharia za Brecht katika madokezo ya darasani bila kuisoma hata tamthilia yake moja. Waraka wa 1968 uliitaka fasihi ya Kiswahili iwe sehemu ya elimu hiyo hiyo moja; sisi tumejenga ukuta katikati, na anayepata hasara ni mwanafunzi.

Ninapendekeza jambo moja lililo ndani ya uwezo wa chuo chochote, kuanzia Nairobi hadi Chuo Kikuu cha Machakos, ambacho kilipata hati yake mwaka 2016 na ambacho vijana wetu hukifikia kwa nauli ndogo. Kila mwanafunzi anayesomea fasihi ya Magharibi, kabla hajapewa shahada, atafsiri kwa Kiswahili sehemu kubwa ya kitabu kimoja alichokisoma, na kuiandikia utangulizi unaoeleza kitabu hicho kinawaambia nini watu wa kwao. Na kazi hiyo isahihishwe kwa pamoja na mwalimu wa Kiingereza na mwalimu wa Kiswahili. Hakuna mtihani unaopima kusoma kwa uhakika kama kutafsiri, kwa kuwa anayetafsiri hana pa kujificha: asipoielewa sentensi, itadhihirika mara moja.

Wako watakaosema kwamba vijana wa leo hawana Kiswahili cha kutosha kwa kazi hiyo. Jawabu langu ni kwamba hiyo ndiyo sababu ya kuwapa, kwani lugha hukua kwa kutumikishwa, na hata Mwalimu Nyerere aliirudia kazi yake. Wengine watasema kwamba tafsiri yaweza kuleta sumu, wakitaja *Mashimo ya Mfalme Sulemani* cha Rider Haggard, kilichowekwa katika Kiswahili na Frederick Johnson zama za ukoloni, na ambacho kizazi baada ya kizazi cha watoto wa Afrika Mashariki kilikisoma pamoja na dharau iliyomo juu ya Mwafrika. Hao wana haki ya kuogopa. Lakini kitabu kile kilichaguliwa na mgeni kwa ajili yetu, na kikaja bila utangulizi wa kutuonya. Kikichaguliwa na mwanafunzi wetu, na kikabeba uhakiki wake mbele, hata kitabu kibaya huwa somo jema.

Kwa hiyo nawasihi wakuu wa idara waufungue mlango baina ya Kiingereza na Kiswahili, na wachapishaji wetu wazitafute tafsiri bora zitakazotoka kwa wanafunzi, wazichape kwa bei ambayo shule ya kutwa inaweza kuimudu. Mzazi wa Kithyoko aliyeuza mbuzi atapata jawabu la swali lake siku atakapokishika kitabu chenye jina la mtoto wake jaladani, akakisoma mwenyewe mpaka mwisho kwa lugha asiyohitaji kufasiriwa, kisha akabishana na mtoto huyo juu ya Nora na juu ya bonde, kila mmoja akiwa na hoja yake.