Mhusika Asiyependeka na Msomaji wa Eastlands

Imeota mizizi miongoni mwa walimu na baadhi ya wahakiki hoja kwamba kijana apewe tu hadithi yenye mhusika wa kuigwa. Kwa kipimo hicho, My Life in Crime (1984), riwaya ya Kiingereza ya John Kiriamiti, haimfai kijana wa Kaloleni, Makongeni wala Dandora. Jack Zollo, mhusika mkuu, ni mchopozi anayepanda hadi kuwa mwizi wa benki, na anayasimulia hayo bila haya.

Hoja hiyo inachanganya kupenda na kuelewa. Usimulizi wa nafsi ya kwanza humvuta msomaji hata akajikuta akimwombea jambazi aponyoke. Kisha hushtuka kwa alichokiombea. Mshtuko huo ndio funzo, na hakuna mahubiri yawezayo kuuzaa. Kiriamiti mwenyewe aliuendeleza mwaka 1989 katika My Life with a Criminal: Milly's Story, ambamo anayesimulia ni Milly, mpenzi wa Zollo. Riwaya hizo zikisomwa pamoja, majigambo ya ile ya kwanza hupwaya.

Mitaani Eastlands jambazi si kiumbe wa kubuni. Huenda aliketi dawati moja na msomaji. Kijana huyo hahitaji kukingwa na Zollo, bali mahali pa kumjadili. Kitabu kilichofukuzwa darasani hakitoweki: hupita mkono kwa mkono, kikasomwa pasipo wa kuuliza swali. Mwalimu akipigaye marufuku ndiye amwachaye Zollo afundishe peke yake.