Aliyepandikizwa Figo Asihurumiwe Tu



Upandikizaji wa figo ulianza humu nchini Novemba 2017, katika Hospitali ya Taifa Muhimbili. Mwaka 2018 ikafuata Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Kabla ya hapo Mtanzania aliyehitaji huduma hiyo alipelekwa ng'ambo, hasa India. Tunashukuru. Lakini mgonjwa anaporudi nyumbani, Karatu au Endulen, hapo ndipo kazi yake mwenyewe inapoanza. Je, sisi tunaoishi naye tunamsaidia au tunamzuia?

Yafaa kwanza tuielewe hali yake. Mwili huiona figo mpya kuwa kitu kigeni na hutaka kuishambulia. Kwa hiyo yampasa kumeza dawa za kupunguza nguvu ya kinga ya mwili kila siku, kwa saa zilezile, muda wote figo hiyo inapofanya kazi. Dawa hizo humfanya ashikwe na maambukizo kwa urahisi. Ndiyo maana maziwa mabichi na nyama isiyoiva ni hatari kwake, na homa ikimpata yafaa awahi hospitali siku ileile.

Basi tutazame desturi zetu. Katika maboma ya Ngorongoro na nyumba nyingi za Karatu, mgeni hukaribishwa kwa maziwa, na kuyakataa huonekana kuwa dharau. Hapo ndipo kujiamini kunapopimwa. Anayesema, "Nashukuru mama, naomba yachemshwe kwanza," hajamdharau mwenyeji. Ameiheshimu zawadi ya ndugu yake aliyempa figo. Zawadi hiyo Papa Yohane Paulo II aliisifu katika waraka wa Injili ya Uhai, mwaka 1995, inapotolewa kwa kufuata maadili. Mwenyeji mwema atawasha moto. Tena tusimsahau mtoaji: amebaki na figo moja, naye apimwe afya mara kwa mara.

Tunakumbuka mwaka 2011, maelfu walipofika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa, na baadhi yao wakaacha dawa za hospitali. Hatumhukumu mtu. Twasema tu kwamba aliyepandikizwa figo akiacha dawa zake kwa kujiona amepona, aweza kuipoteza figo hiyo. Tusimshawishi kwa miti shamba, wala tusimpe vidonge vya maumivu bila idhini ya daktari.

Kosa jingine ni huruma iliyopita kiasi. Tunamnyang'anya jembe, wala hatumchagui kuwa katibu wa jumuiya. Kidonda kikishapona na daktari akiruhusu, wengi huweza kurudi kazini: kufundisha, au kulima vitunguu Mang'ola, wakivaa glavu wanaposhika udongo na samadi. Aulizwe analoweza, asiamuliwe.

Mwisho, haki. Dawa hununuliwa mwaka hadi mwaka, na safari ya kwenda kliniki kutoka Endulen ni ndefu. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Sheria hiyo itapimwa kwa mtu kama huyu: je, dawa zake anazipata kila mwezi? Viongozi, ulizeni swali hilo katika mikutano ya kijiji na kata. Nasi tuchange nauli ya kliniki kama tunavyochangia arusi. Tusingoje kuchangia jeneza.